Kumbukumbu ya Nzai Thoya, Fundi wa Manowari Aliyeshuka Tangini

Mwaka umetimia wiki hii, Nzai mwana wa Thoya, tangu utoke hapa Gede asubuhi na chupa yako ya chai, ukasema utarudi na samaki, ukarudishwa na watu. Sisi jamaa yako twakuandikia. Anayeshika kalamu ni mamako Kahonzi.

Ulikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo ulilitumikia Jeshi la Wanamaji, fundi wa mitambo, chini kabisa ya meli kwenye joto na kelele, mahali mtu haioni bahari ila huisikia ikigonga chuma. Ulistaafu ukarudi na masikio mazito kidogo na tabia za huko. Kitanda chako kilitandikwa kabla jogoo hajanyamaza. Ulipita jikoni ukigonga sufuria za mkeo Linet kwa kijiko, ukisikiliza. "Hii nzima. Hii imeliwa, mwezi mmoja itavuja." Na kweli ilivuja.

Jiko la makaa hukuruhusu lilale ndani, hata masika. Mamako alinung'unika, "Baba, watuua kwa baridi." Ukamjibu, "Baridi hupiga hodi, mayo. Hewa mbovu haipigi."

Meli ulizijua kama wengine wajuavyo koo zao. Mwanao Caroline hakugusa chakula kabla hajazitaja kwa mpango. Ulimfunza kwamba jeshi letu la majini lilianza mwisho wa mwaka wa 1964, uhuru ukiwa wa mwaka mmoja tu, na boti za kwanza za doria zikapewa majina ya wanyama: Simba, Chui, Ndovu, na baadaye Mamba. "Nchi ilikuwa mtoto," ulisema, "na mtoto huanza kwa kuchora wanyama." Ilipopata akili kidogo zikaja Madaraka, Jamhuri na Harambee, kisha Nyayo na Umoja za makombora. Zikaja Galana na Tana, na hapo ulijipiga kifua, kana kwamba huo mto Galana uliuchimba wewe kwa jembe. Kisha Shujaa, Shupavu, Jasiri.

Siku moja mamako aliuliza, "Mbona hakuna hata moja iitwayo Hadhari?"

Ulicheka ukapaliwa na chai. "Mayo, adui akisikia Hadhari yaja, si ataendelea kulala?"

"Alale. Nanyi mtarudi nyumbani."

Ndivyo alivyo, wamjua. Mwaka ule meli zilipokwenda Kismayu nawe umo, mamako alikonda hata leso ikawa yamzunguka mara mbili. Aliogopa bunduki, aliogopa maharamia, aliogopa mawimbi, aliogopa hata hicho chakula cha makopo. Alikuogopea kila kitu ila kile kilichokuua.

Mwaka jana boti mbili za doria zilizokwisha kazi ziliuzwa, zikavutwa hadi hori ya Kilifi, upande wa Mnarani, zikatwekatwe ziwe vyuma. Majina yake yalikuwa yamepakwa rangi yakafutika. Wewe moja uliitambua kwa ngazi zake tu, kwa kuwa humo ndimo ulimoanzia kazi ukiwa kijana. Mkandarasi akakuchukua maana ulijua kila tundu. Jioni ya kwanza ulirudi ukakaa bila kuvua viatu. Linet akauliza kulikoni.

"Nimemkuta bibi yangu wa kwanza," ukasema. "Kazeeka, lakini bado anijua."

"Basi leo kale kwake," akasema Linet, na sahani akaifunika.

Sasa hapa twaomba kila asomaye asituruke. Chini ya meli mna matangi ya kutilia maji ili isiyumbe. Hufungwa kwa bamba la chuma likakazwa. Yakikaa miaka, kutu hula hewa yote iliyomo, na haiachi moshi wala harufu. Mtu akiingia huvuta pumzi mara mbili, magoti yakamwisha. Sisi wa nchi kavu twajua visima vilivyozibwa siku nyingi. Watu huteremsha taa kwanza, na ikizimika haingii mtu. Melini huwezi kuteremsha taa, kuna mafuta. Ndiyo maana huwekwa feni kubwa kutwa nzima, hewa ikapimwa kwa mashine, anayeingia akafungwa kamba, na mtu mmoja akaketi mlangoni, haondoki hata aitwe na nani.

Huyo wa mlangoni ulikuwa wewe. Na kila asubuhi uliwakusanya wenzio ukawaambia maneno yale yale: "Mwenzio akianguka humo, piga kelele, leta hewa, usimfuate. Ukimfuata tutazika wawili." Swafwan wa Mambrui, mliyetumikia naye kambi ya Mtongwe na sasa mkawa tena kazi moja, akakubandika jina. "Haya, kaeni," aliwaambia wenzake, "Imamu wa Tangi apanda mimbari. Khutba anayo moja, lakini ndefu."

Ilikuwa Jumanne, saa nne. Feni lilikuwa limehamishiwa boti ya pili, msimamizi ana haraka zake. Tangi la mbele lilikuwa limefunguliwa asubuhi ile ile. Kyalo, mkata vyuma, akaangusha spana ndani. Ulipogeuka kuitisha kamba, yeye akashuka. "Dakika moja tu, mzee." Hatua tisa za ngazi. Akainama kuiokota, hakuinuka.

Ulifanya yote uliyofundisha. Ulipiga kelele. Ulimtuma mtu mbio akalete feni. Ulikaa mlangoni. Waliokuwapo wanasema huenda ungekaa hivyo hadi mwisho, lakini Kyalo akaguna kule chini, mara moja. Ulijaza kifua, ukashuka na kamba, ukamfunga kwapani, ukaitikisa. Wakamvuta. Kamba iliporudi chini hukuweza kuishika. Swafwan akafika na feni, akalielekeza ndani, akasimama juu, hakushuka. Hilo la Swafwan lilitukaa kooni, na twakiri hapa kwamba mwaka mzima salamu zake tulizipokea kwa upande wa mdomo.

Kyalo alizinduka kabla ya adhuhuri. Wewe hukuzinduka. Ulirudi mzima kutoka vitani, ukafia katika boti iliyofungwa kamba, karibu na daraja wanapouza korosho.

Siku ya matanga Kyalo alikuja akapiga magoti kando ya jamvi. "Mama, mimi ndiye."

"Nakujua," mamako akasema. "Umekula?"

"Nilidhani ni dakika moja."

"Hakuna adhaniaye ni mbili, mwanangu. Kula."

Hakumlaumu. Kesi yake ilikuwa na mtu mwingine, naye ni yeye mwenyewe. Ulipokuwa na miaka minane ulirudi kutoka dukani ukasema umempita mzee mmoja mlevi, kaanguka kando ya barabara ya Watamu, na watoto wanamcheka. Mamako alikurudisha na njaa yako. Ukamwinue, ukamfikishe kwake, ndipo ule. "Mwanangu hampiti mtu aliyeanguka," alikwambia. Jeshi lilikufundisha miaka ishirini na miwili usimfuate aliyeanguka. Mamako alikufundisha siku moja. Siku moja ikashinda.

Kwa hiyo, nyinyi kina mama wenye wana wanaokwenda kazi za meli, za matangi na za visima, msiwape huruma peke yake. Wapeni na akili ya kuizuia miguu. Wafungeni kwa ahadi nyumbani, kabla hawajaiona hiyo ngazi, maana pale mlangoni mtu akisikia mwenzake anaguna hakumbuki somo lolote. Na feni likiwa halipo, hakuna kazi. Mtu arudi nyumbani mikono mitupu, atatukuta.

Twasema haya kwa sababu hayajaisha. Mwezi uliopita ile boti ya pili ilianza tena kukatwa. Nduguyo Mramba akajiandikisha kimya kimya, akapewa kazi ile ile yako, kukaa mlangoni. Siri ilimtoka kwa Linet, na Linet hawezi kuficha hata homa. Mamako akajifunga leso akaenda Mnarani, akapanda ubao wa kuingilia huku akishika kamba. Mfanyakazi mmoja akamtania, "Mama, umepotea, harusi iko ng'ambo ya pili."

"Vua kofia," Swafwan akamwambia. "Huyu ndiye mama wa Nzai."

Kelele za vyuma zikakoma, likabaki feni likinguruma. Mamako hakugombana na mtu. Alimwendea Mramba, akamshika shati.

"Nikianguka mimi humo ndani, utafanya nini?"

"Mayo, njoo ukae kivulini kwanza."

"Nimekuuliza."

"Wataka nikudanganye?"

"La."

Mramba akaangalia lile tundu. "Nitaingia."

Mamako akatikisa kichwa, kidogo acheke. "Basi shuka, twende nyumbani. Wewe ni mwanangu kamili, na kazi hii huiwezi."

Mramba akasema ameaibishwa mbele ya watu. Mamako akasema aibu huoshwa. Kisha akamgeukia Swafwan. "Na wewe, baba?"

Swafwan akasema, "Nzai alikuwa ndugu yangu, mama. Nilisimama pale juu nikilia na sikumfuata. Kila nikilala namwona aniangalia." Akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta. "Nawe ukianguka, sitakufuata. Nitaleta hewa, lakini sitakufuata. Nisamehe."

Mamako akakaa chini, pale pale kwenye chuma. Kwa mwaka mzima alimhesabu mtu huyu kuwa mwoga. Akamwambia, "Ulifanya alichokufunza mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuitikia vibaya. Lau ungeshuka siku ile, mamako Fahima naye angekuwa anaandika karatasi kama hii." Ndipo akamwita msimamizi. "Mwekeni huyu mlangoni. Anayejibu kama Mramba msimweke, hata akiwa hodari namna gani."

Msimamizi akasema atafikiria. Mamako akasema atamngoja hapo hapo huku akifikiria. Swafwan akawekwa.

Mramba hajasema na mamako siku ya nne leo. Aja, ala, aosha sahani yake, atoka bila kwaheri. Jioni twamsikia akirudi, akipiga mlango kwa nguvu. Mamako kila akiusikia mlango ule ukipigwa humwambia Linet, "Huyo, kaingia," na kila kitu ndani yake hutulia.

Wanaokukumbuka ni mamako Kahonzi, mkeo Linet, mwanao Caroline, azitajaye meli zako zote bila kuulizwa, Kyalo, aliyelazimisha kutiwa humu, Swafwan wa Mambrui, ambaye kuanzia leo tumemwandika pamoja na jamaa, na nduguyo Mramba, aliyekataa jina lake kuandikwa, nasi tumeliandika.

Siku zetu zote tutakukumbuka.