Chuma Ndani ya Gitaa la Baba

Nyumba ya Ngazi za Kijani,
Jumapili, 9 Machi.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto je, kile kikohozi kimewatoka? Huku wote wazima, isipokuwa mkono wangu wa kushoto. Usishtuke kwa hilo, ninalo kubwa zaidi la kukushtua.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunapiga harusini. Wimbo wa tatu tu, vidole vikafa ganzi, vikakataa kabisa kukandamiza nyuzi. Gitaa likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kiongozi wa bendi akanigeukia, macho yamemtoka pima. Nikashuka jukwaani nimeushika mkono kama si wangu.

Daktari akaniuliza ninabeba mzigo gani begani. Nikamwambia sibebi mzigo, napiga gitaa la umeme. Akataka alione, akaliweka kwenye mizani ya watoto wachanga: kilo sita na ushei! "Mtoto wa miezi mitatu huyu," akasema, "nawe unamning'iniza kwa mkanda saa nne mfululizo." Mshipa wa fahamu umebanwa. Niliache, la sivyo mkono utadhoofika.

Niliache gitaa alilolichonga marehemu Baba kwa mikono yake! Si alitufundisha kwamba uzito ndio sauti, na gitaa jepesi ni kopo tupu? Nikalipeleka kwa fundi wa magitaa nikitumaini atabadilisha mkanda tu, yaishe.

Fundi akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia ndani. Kisha akachomoa kipande cha chuma, kirefu kama kiganja, kinene vidole viwili. Akachomoa na cha pili. Kilo mbili na nusu, Kaka! Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao.

"Sasa sauti si itaharibika?" nikamuuliza. Akanitoa nje, akafunga mlango, akawa anapiga mara na chuma, mara bila chuma, nami nikisie. Mara sita, nikakosea nne. Mimi, niliyewacheka wenye magitaa mepesi maisha yangu yote!

"Uzito una lake, ila dogo sana," akasema. "Sauti ni nyuzi, vinasa sauti vilivyo chini yake na vidole vyako. Chuma hiki kilikuwa kinakuumiza tu."

Nikakimbilia kwa Mama. Akavitazama vile vyuma, akaketi kitandani. "Nilijua," akasema. "Watu walimcheka baba yenu, eti kachonga gitaa la kuchezea watoto. Akatia chuma, wakanyamaza." Nilihisi kama nimepigwa kofi.

Kwa sababu wewe, Kaka, ulipokuwa ukilipiga gitaa hilihili na kusema bega linawaka moto, Baba alikuita mvivu mbele ya bendi nzima, nami nikacheka. Ukaondoka hata kuaga hukuaga. Miaka kumi na mmoja sasa! Hukuwa mvivu. Nisamehe kile kicheko. Kinanichoma kuliko bega.

Vidole vinarudi taratibu. Jana nimepiga robo saa, nimesimama, gitaa halina chuma. Mama alisikiliza akiwa mlangoni, akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Mwandikie mwanangu aje alijaribu na yeye."

Mama mdogo anakusalimu, na Mjomba wa cherehani anauliza kama bado unavaa ile suruali aliyokushonea. Nibusie watoto, mpe wifi mkono wangu wa kulia, ndio mzima. Mungu akupe afya na akulegeze moyo.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku