Maua ya Kwanza ya Fraizi

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Keshero tuko salama, na mutoto wa kaka yako ameanza kutembea. Umeniuliza nani alinifundisha kulima fraizi, yale matunda madogo mekundu.

Ni jirani yetu wa hapa Goma, Mama Odeta. Tulipokimbia vita toka Rutshuru na kufika bila kitu, nikiwa ningali kijana, alinipa miche mitatu, nikaipanda katikati ya mawe ya volkano. Ilipotoa maua nilifurahi sana. Yeye akaja, akayachuma yote. Nikalia.

"Acha mizizi ishike kwanza, mutoto wangu," akaniambia. "Muche ukizaa mapema, unachoka."

Fraizi zilipozaa, kikapu cha kwanza nilimupelekea yeye. Mama yangu mzazi alikuwa amebaki Rutshuru, na sikumuona tena. Hapa Goma Mungu alinipa mama mwingine, na mpaka leo ninamushukuru Mama Odeta.

Ni mimi, koko wako, bibi yako anayekupenda