Mama Nthabeleng, Aliyenyolewa Kabla ya Msiba

Mwaka umekwisha, Mama, tangu uingie chumba cha upasuaji ukitutania, ukatolewa kimya. Tumechoka. Tunalisema hilo kwanza, maana wewe hukupenda watu wa kuzungukazunguka.

Hapa Mafeteng, Lesotho, wanawake bado wanavaa magauni uliyowashonea. Kila mshono uliuachia kitambaa cha ziada, na mteja akilalamika ulimwambia, "Tulia, dada. Krismasi inakuja, na kiuno chako nakijua." Wengine wameshayaleta yapanuliwe. Mama mdogo Puseletso anayapanua kwa cherehani yako, huku akinung'unika kuliko ulivyowahi kunung'unika wewe. Chai yako uliinywa imepoa siku zote, kwa sababu kila ukiimimina kuna mtu atabisha hodi, nawe hukujua kumwambia mtu asubiri.

Daktari wa Maseru aliposema una uvimbe kwenye ubongo na lazima utolewe upesi, ulimuuliza kama baadaye utaweza kutunga uzi kwenye sindano. Akasema hajui. Ukarudi nyumbani ukatukataza tusimwambie mtu. "Mungu anajua, inatosha."

Kabla ya safari ya hospitali Baba alikunyoa uani, kwa kuwa hukutaka nesi usiyemjua akushike kichwa. Sote tunajua kwetu mke wa mtu hanyoi upara ila akifiwa na mumewe, lakini akili zetu siku hizo zilikuwa kwingine. Jirani akakuona. Haikupita saa, wamama wa kanisa wakawa mlangoni na mablanketi yao mabegani na mfuko wa unga, wanaimba nyimbo za msiba. Baba ndiye aliyewafungulia.

"Yesu wangu! Baba Nthabeleng, si umekufa wewe?" akaropoka Mama Tankiso.

"Mimi sijaambiwa," Baba akajibu. "Karibuni ndani. Ila unga huo msirudi nao."

Ulicheka mpaka ukashika kichwa kwa maumivu, na hapo ikabidi uwaambie. Mama Tankiso akataka muombe uvimbe uyeyuke, kisu kisikuguse. Ukakataa.

"Niombeeni niende. Na huyo daktari mumwombee, nimemwona macho yake, halali vizuri. Mimi naogopa, wamama. Naogopa sana. Lakini nakwenda."

Walikuombea ukiwa umekaa katikati yao, na sisi wanao tulikuwa jikoni tukiwapikia unga wao wenyewe.

Baadaye wapo waliosema kwamba ungekuwa na imani ya kweli usingehitaji upasuaji. Tumechoka kuwajibu. Hawakuwepo asubuhi ile ulipopandishwa kitanda cha magurudumu, ukimshika Nthabeleng mkono. Hawakusikia ulichotuambia mlangoni.

"Nikirudi tutashukuru pamoja. Nisiporudi, msilazimishane kushukuru. Mungu si mtoto, hatanuna."

Hukuamka tena. Daktari alikuja kutuambia mwenyewe, akakaa nasi kwenye benchi, akalia. Hatukuwa na nguvu za kumbembeleza, tusamehe.

Baba huenda kanisani kila Jumapili. Anakaa. Haimbi. Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza nani ana neno la shukrani, na Baba akasimama. Tulishikana mikono kwenye benchi, tukidhani siku imefika. Alisimama kofia mkononi, kanisa zima likimngoja.

"Bado," akasema, akakaa.

Na Mama Tankiso, kutoka nyuma, akaitikia, "Amina."

Tunaokukumbuka ni mumeo Molefi, wanao Nthabeleng na Teboho, mdogo wako Puseletso, na mama mkwe wako, Bibi Mamotena, ambaye bado anakuita kwa jina akitaka maji. Hutatutoka moyoni, Mama, daima.