Mkono Uache Kwenye Swichi

Mjukuu wangu Naserian,

Salamu kutoka huku Endamarariek. Bibi yako anakohoa kidogo, na mbuzi wawili wamezaa. Ya kuhama Ngorongoro sitayarudia; nimechoka kuyasimulia.

Umeniuliza kama uache kazi ya taa kwenye ukumbi wa maonyesho hapo chuoni, kwa kuwa ulikosea mbele ya watu.

Nilipokuwa chuoni, nami nilikabidhiwa taa za jukwaa. Zilikuwa nane, nyaya zake za kuungaunga, na swichi moja ilichoma vidole. Katika mchezo wetu mzee aliingia kwenye mwanga hafifu. Akinyoosha mkono kuwabariki wanawe, nilitakiwa niwashe taa kubwa. Akanyoosha. Nami, kama tunavyowaamkia wazee nyumbani, nikaachia swichi, nikainamisha kichwa niguswe.

Jukwaa likabaki gizagiza.

"We Mmasai, washa!" akaninong'oneza mwenzangu wa vipaza sauti. "Yule ni Joni wa bwenini, si babu yako!"

Mnong'ono wake ulisikika; ukumbi mzima ulicheka. Asubuhi nilimwendea mwalimu wetu kuomba anitoe.

"Wenzako walimwona Joni," alisema. "Wewe ulimwona mzee. Leo jioni tunarudia mchezo; inama tena, ila mkono uache kwenye swichi."

Nikabaki. Tangu hapo nimeondoka mahali pengi bila kupenda, mjukuu wangu. Ukiondoka hapo, iwe umetaka mwenyewe, isiwe aibu imekuhamisha.

Ninakugusa kichwa kwa mbali,
Babu yako