Ngoma Nyuma ya Geti la Chuma

Mama,

Shikamoo. Nakusikia ukiitikia "marahaba" huku ukiiburuza ile r mpaka watoto wa jirani wanacheka. Miaka yote uliyokaa Tanga, r ile haikuhama Kuba.

Tangu tukuzike sijakuandikia. Sikuwa na la kukueleza ila kulia. Sasa ninalo.

Bado niko Durban na mume wangu, Sefu, ghorofa ya tatu. Mimi nashona mashati kiwandani Jacobs, yeye anauza vitambaa Isipingo. Pasipoti yangu anaitunza yeye. "Mji huu una wezi," anasema. Taksi ikichelewa, ananiuliza nilikuwa na nani. Hanipigi, Mama. Ndiyo maana sijui nimshtaki kwa lipi.

Kiwandani nilikutana na Inés, Mchile, ambaye wazazi wake walikimbia kwao yeye akiwa mdogo. Siku moja alinisikia nikiimba ule wimbo wako wa kubembelezea, akasimamisha cherehani. Akaniuliza Kihispania nimekitoa wapi. Nikamweleza kwamba Baba alikwenda Kuba kusoma, akakupata, akakuleta Tanga. Akanipeleka kwa Odalys, Mkuba kama wewe, mke wa daktari wa huko Pinetown. Jumamosi anafundisha dansi katika ukumbi wa kanisa.

Nilidhani tutavaa sketi nyekundu za marinda na kutikisa viuno. "Hiyo ni ya watalii," alisema Odalys. Akatulaza sakafuni, akauliza: mwili wako umerithi nini kwa mama yako?

Inés alijibu papo hapo, akainuka, akatembea kama mamake, begi huku, mtoto kule, akigeuka nyuma kila mara. Mimi nilisimama tu. Nani angeniita Mlatina kama wao? Mtoto wa Tanga anayejua wimbo mmoja wa Kihispania, basi.

Kisha nikakuona jikoni. Umevua viatu, redio umeipunguza sauti, mimi nimekaa juu ya gunia la mkaa nakutazama. Unacheza, lakini sikio liko mlangoni. Makubadhi ya Baba yakisikika uani unaganda, mkono hewani, halafu unaukunja kama mtu aliyekuwa akitafuta chumvi. "Mke wa mtu hachezi," alikwambia Baba.

Nikacheza hivyo hivyo. Nikaganda hivyo hivyo. Odalys alifuta macho. "Usiongeze kitu," akasema. "Hicho ndicho chako."

Basi tukatengeneza onyesho la wanawake watatu. Siku yenyewe ilipofika nilimwambia Sefu ukweli, kwamba Jumamosi zile sikuwa kiwandani. Hakunigombeza. Alivaa koti, akatoka, nikasikia kufuli la geti la mlangoni, lile la nondo ambalo kila nyumba hapa inalo kwa kuogopa wezi. Funguo zote mbili alikwenda nazo.

Nilishika nondo, nikaita. Sauti ilishuka ngazi, ikarudi peke yake. Mama, nililipiga geti teke kwa hasira. Nikajiuliza wewe ulimezaje yako, siku baada ya siku, na bado ukatupikia.

Alasiri Odalys na Inés walikuja kunichukua. Walipoona kufuli, Inés alitukana kwa Kihispania, maneno ambayo hukunifundisha. Odalys alivua viatu. "Muda kidogo tunao," akasema.

Tukacheza pale pale, wao koridoni, mimi ndani, nondo katikati. Muziki hatukuwa nao. Mama Béa, jirani yetu Mkongo mwenye saluni, alitoka akatupigia makofi, akaona hayatoshi, akaenda kuchukua sufuria. Milango ikafunguka. Mzee mmoja wa Kizulu wa ghorofa ya juu akakaa ngazini kutazama.

Ikafika sehemu yangu ya kuganda, na hapo hapo nikasikia viatu vya Sefu vikipanda. Mkono uliganda wenyewe, Mama. Sikuwa naigiza. Alitokea na mfuko wa vitambaa begani, akakuta jengo zima linamtazama.

"Eish, papa Sefu," alisema Mama Béa, "muke haiko mbuzi. Fungua!"

Hakufungua. Alisimama tu. Nami sikuukunja mkono. Niliushusha taratibu, nikaendelea mpaka mwisho, macho yangu yamemkazia yeye.

Wenzangu walikwenda ukumbini wakacheza wawili. Nafasi yangu waliiacha wazi.

Watu walipotawanyika Sefu alifungua. Akaketi kitandani na viatu vyake miguuni. "Mama yako alicheza hivyo?"

"Ndiyo. Ila Baba akiingia, aliacha."

Akavua kiatu kimoja. "Mbona wewe hukuacha?"

Jibu nilikuwa nalo. Sikumpa.

Kesho yake aliweka ufunguo mmoja mezani, na mimi sikumshukuru. Pasipoti bado anayo. Nikipika bado naisikiliza ngazi. Usije ukadhani nimekuwa huru. Usiku nawaza kuondoka, nikifika kwenye pasipoti mawazo yanakatika.

Lakini Odalys anataka turudie onyesho, na kabla hatujaanza kila mmoja atamtaja mama yake. Tanga nzima ilikuita Mama Rehema. Kaburini pia waliandika hivyo. Nakuahidi siku hiyo nitakuita Caridad, jina ulilokuja nalo kutoka Kuba, mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, hata Sefu akikaa kiti cha mbele.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Rehema