Faili Nililomficha Fundi Kabwe

Jumapili, Kilosa. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile ya taratibu isiyo na haraka ya kukatika. Sikwenda kanisani. Nimemwambia mama kichwa kinaniuma, na huo nao ni uongo, sijui wa ngapi tangu jana.

Naona aibu. Niliandike hivyohivyo bila kulipamba.

Mnaopita kwenye blogu hii mnakajua kagari kangu kekundu, mtumba wa Japani, ambako walimu wenzangu wanakaita bajaji yenye milango. Fundi Kabwe wa Magomeni ya hapa kwetu ndiye aliyekafanya kakawa gari. Alikafungia ekzosi pana na kichujio cha hewa kisichobana, kisha akakasikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kafumba. Baba yake alikuwa fundi wa reli hapahapa Kilosa, na kusikiliza chuma alijifunza kwake.

Ana tabia moja. Gari lolote likirudi kwake, kabla hajafungua boneti atauliza: "Kuna mkono mwingine umeingia humu?" Ukisema upo, wala hakasiriki. Anataka tu kujua aanzie wapi.

Mdomo nao anao. Mimi nafundisha kompyuta sekondari, na siku nilipomwambia kwamba baada ya kubadili ekzosi na kichujio ingefaa na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ipangwe upya kwa programu, alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, kompyuta yako ikaandike barua za kuomba likizo. Hii niachie mimi." Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Nikacheka nao, lakini iliniuma.

Basi nikajitia ubishi. Wiki mbili nzima nazitafuta programu mtandaoni, na modemu yangu inayokatika kila dakika. Zikabaki tatu. Moja ya kulipia: unachomeka kebo chini ya usukani, unaendesha siku kadhaa ikirekodi injini inavyokwenda, halafu unabadilisha kidogokidogo. Nyingine inakupa majedwali matupu ujaze mwenyewe. Niliyatazama nikapata kizunguzungu. Ya mwisho ilikuwa ya bure, na faili lake tayari limeshapangwa na mtu wa nje kwa gari kama langu. Dakika kumi umemaliza.

Kwa gari lililobadilishwa kidogo tu, ya kulipia ndiyo iliyofaa. Nilijua, tena vizuri sana. Na chini ya lile faili la bure palikuwa na mstari mmoja unaosema limepangwa kwa petroli bora kuliko hii tunayoipata huku. Niliusoma. Nikaupita. Mimi, ambaye darasani nawafokea watoto wa watu wasiingize kwenye kompyuta kitu wasichokielewa!

Nililiweka. Gari likawa jepesi, mama yangu weee! Nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu. Fundi sikumwambia. Nilitaka kwanza alisifie mwenyewe, ndipo nimwambie mbele ya vijana wake.

Sasa, jana.

Kuna kambi ya watalii kule Mikumi inatafuta fundi wa kuyahudumia magari yake. Meneja wake nilisoma naye. Nimempigia debe Fundi Kabwe mpaka meneja akachoka, akasema haya, mlete, na mje na gari alilolitengeneza nilione. Asubuhi namfuata, Fundi kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Miaka yote ninayomfahamu sijawahi kumwona na shati jeupe.

Nusu ya njia, kwenye kilima, injini ikaanza kulia kama kokoto ndani ya kopo. Fundi akaniambia nisimame. Akatoa bisibisi yake, akasikiliza.

"Inagonga," akasema. "Moto unawaka mapema." Halafu akanigeukia. "Binti yangu, kuna mkono mwingine umeingia humu?"

"Hapana, baba. Ni wewe tu."

Lilinitoka tu. Kisha nikajifariji kwamba sijadanganya, maana sikugusa hata nati moja, nilichomeka kebo basi. Mtu mzima na digrii yangu, najitafutia kichaka cha kujificha.

Tuliingia Mikumi tukivutwa na trekta la miwa. Meneja kasimama getini anatutazama. Hata hapo bado ningeweza kusema. Lakini meneja akatuambia wana mashine ya kusoma kontroli boksi, ataiagiza iletwe mchana. Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, nikafungua laptop niliyokuja nayo, nikachomeka kebo, nikarudisha mpangilio wa zamani. Mwenzangu yuko kwenye sala, mimi nafuta nyayo.

Mashine ikaja, haikuona kitu. Meneja akamtazama Fundi. Fundi alikuwa ameshika plagi moja yenye chembe za pistoni iliyoungua, anaigeuzageuza, na weusi wake umeshaingia kwenye mkono wa lile shati.

"Kosa ni langu, Meneja," akasema. "Nilipoifungua hii ekzosi nilizidisha."

Meneja akasema atapiga simu. Hatapiga.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Leo asubuhi Fundi amekuja nyumbani na mvua hiihii. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, hakuniita Mwalimu wala hakunitania. Amekuja kumwomba radhi mama yangu kwa kuniharibia gari. Akasema atalifuata Mikumi, atalitengeneza kwa gharama yake, na likipona ndiyo injini yake ya mwisho.

"Masikio yamechoka, binti yangu. Gari lile nililisikiliza nikaona zima. Nibaki na breki na springi tu."

Mama akampa pole. Mimi nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo hata sikuwa nimeibandika.

Masikio yake hayana ugonjwa wowote! Alisema mwenyewe pale kilimani, moto unawaka mapema. Alilisikia faili langu kwa bisibisi, neno kwa neno, na kilichomfanya asijiamini ni jibu langu. Fundi anataka kuacha kazi ya maisha yake kwa sababu aliniamini mimi.

Nimeandika mpaka hapa na nimejihisi nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu kuliko yote. Fundi Kabwe hasomi blogu. Nimekuja kuungama mahali ambapo yeye hafiki.

Kwa hiyo nikishaposti hii, laptop na kebo vinaingia kwenye mfuko wa plastiki, naenda Magomeni na mvua yangu. Jumapili gereji imefungwa, lakini vijana wake hushinda barazani kwake wakicheza bao. Wawepo wote. Nitampigia na meneja palepale, Fundi akisikia.

Naogopa, siwezi kusema siogopi. Huenda hataniuliza chochote. Ataona nimekuja kumpa pole nyingine. Basi nitamwomba. Nitamwambia, baba, niulize tena lile swali lako.