Kadi ya Mpaka Kufa

Jumatano. Miezi kumi na minne tangu nitoke nyumbani Kasansa.

Leo uwanja wa ndege watu wa shirika la ndege wamenipa kadi ya dhahabu. Nimesafiri nao miaka mingi nikichomelea mabomba nchi za watu, sasa ni mteja wa heshima maisha yangu yote. Nikampigia mke wangu.

"Mpaka kufa? Basi wameshajua hurudi, Baba Neema," akasema, akacheka kidogo.

Sikumwambia kwamba likizo ya Juni niliikataa mwenyewe. Nilichukua kazi ya mbali ili nitimize idadi ya safari za kupata kadi hii, kwa sababu mafundi wenzangu wanayo.

Juni hiyo mahari ya Neema aliipokea mdogo wangu, amekaa kwenye kiti changu.

Neema atajifungua Novemba. Natarajia kushuka Mpanda katikati ya Oktoba, niwahi kuwepo nyumbani.